Nimeambiwa homoni zangu zimevurugika: nipime nini, nile nini?

*"Daktari, shikamoo. Nina miaka 31, naishi Morogoro, nina mtoto mmoja wa miaka sita. Kwa miaka miwili sasa hedhi yangu haieleweki: inakuja baada ya siku 45, mara 60, na mwaka huu ilipotea miezi mitatu kabisa. Nimetoka kilo 64 hadi 79 na sioni nilichobadili kwenye chakula. Nina chunusi kwenye taya, ndevu chache kidevuni ninazozinyoa, na shingo kwa nyuma imekuwa nyeusi hata nikisugua na dodoki haitoki. Nachoka mno. Tunatafuta mtoto wa pili, mwaka na nusu sasa, hola. Nilichoma sindano ya uzazi wa mpango, nikaiacha miaka mitatu iliyopita, na nahisi ndiyo iliyoniharibu. Natumia vidonge vya kukuza nywele, dawa nyingine sina. Mwezi uliopita walikuja watu mtaani wanaopima mwili mzima kwa mashine, unashika chuma mkononi kama dakika moja. Wakanitolea karatasi nyingi: homoni hazina usawa, mwili una sumu, kongosho dhaifu, mifupa imekosa madini. Nikatakiwa kununua dozi ya miezi mitatu kwa shilingi 380,000, nimelipa nusu. Rafiki yangu anasema niachane nao, niende maabara nikapime homoni zote. Wengine wanasema niache kuku wa kisasa na soya. Mama yangu ana kisukari. Sasa nipime nini, nile nini, na ile dozi niendelee nayo?"*

Marahaba, mdogo wangu. Umejieleza vizuri. Hizo siku, kilo na dalili ulizozipanga zinamsaidia daktari kuliko karatasi zote ulizopewa mtaani. Nianze na lenye haraka: nusu ya pesa iliyobaki usiipeleke, na kama dozi umeshaianza, isitishe. Mengine twende nayo taratibu, kwa sababu naamini una tatizo la kweli, linalojulikana na lenye tiba, na sitaki lipotee katikati ya maneno ya wauzaji.

Homoni hupita kwenye damu kwa kiasi kidogo mno. Lita nzima ya damu ya mwanamke huwa na testosteroni (homoni ya kiume, ambayo mwanamke pia anayo) isiyofika hata sehemu moja ya milioni ya gramu. Ili kuisoma, maabara huchukua damu, hutenganisha majimaji yake, huweka kingamwili zinazoinasa homoni hiyo tu, kisha mashine husoma mwanga au rangi inayotokea. Hakuna homoni inayotoka kiganjani ikaingia kwenye chuma. Kwa ukarimu wote, kinachoweza kupimwa pale ni namna ngozi inavyopitisha umeme, na hiyo hubadilika ukitoka jasho au ukikaza mkono. Kumbuka pia ulichoulizwa kabla ya kupewa chuma: umri, jinsia, urefu, uzito. Mtu akishajua hayo, kumwambia mama wa miaka 31 mwenye kilo 79 kwamba anachoka na ana shida ya homoni hakuhitaji mashine.

Na hata maabara ya kweli haina kipimo cha "usawa wa homoni". Mwili una homoni zaidi ya hamsini, kila moja na ratiba yake na kazi yake. Ukiambiwa zimevurugika, uliza: ipi, imepanda au imeshuka, na kwa sababu gani? Asiyeweza kukujibu hayo matatu hajakupima kitu. Ndiyo maana ushauri wa rafiki yako, ingawa ni bora kuliko ule wa mtaani, nao siukubali wote. Nitaeleza sababu nikifika kwenye vipimo.

Kwanza tuondoe watuhumiwa wasiohusika. Sindano ya miezi mitatu kweli huvuruga hedhi wakati unaitumia, na huchelewesha mimba ukiiacha. Kwa wastani wanawake hushika mimba kama miezi kumi baada ya sindano ya mwisho, wengine hukawia zaidi. Lakini miaka mitatu ni mingi. Dawa hiyo imeshatoka mwilini zamani na haiachi kovu kwenye ovari. Kilichotokea kwa wengi ni kwamba sindano ilikuwa inaficha tatizo lililokuwepo: hedhi isipoonekana ukiwa unachoma, unadhani ni dawa, ukiacha, tatizo linajitokeza na lawama linapewa sindano. P2, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, nayo ni hivyohivyo. Ukiimeza mara kwa mara itakuchanganyia tarehe, lakini haiui uzazi.

Kuku wa kisasa amesingiziwa mno. Anakua haraka kwa sababu ya mbegu iliyochaguliwa kizazi baada ya kizazi, na chakula chenye protini nyingi. Jambo la kuhofia kwake ni antibiotiki, pale mfugaji asiposubiri siku zinazotakiwa kabla ya kuchinja, na hilo halihusiani na hedhi yako. Soya kwa kiasi cha chakula cha kawaida haijaonekana kuharibu homoni za mwanamke mzima. Kula kuku wako, ila punguza kumkaanga.

Yupo mtuhumiwa mmoja ambaye hukumtaja na lazima nimuulizie: mkorogo, na dawa za kunenepesha. Krimu nyingi za kung'arisha ngozi huwa na clobetasol, ambayo ni steroidi kali, na vidonge vinavyouzwa kunenepesha mara nyingi huwa na dexamethasone. Steroidi hizi zikitumika miezi mingi huingia kwenye damu, uso ukavimba, tumbo likajaa, chunusi zikatoka, hedhi ikapotea. Dawa kadhaa zinazouzwa kama za asili zimewahi kukutwa zimechanganywa na steroidi hizohizo, na ndiyo sababu nyingine ya kuiogopa dozi yako isiyojulikana ndani ina nini. Kama umewahi kutumia kimoja kati ya hivi, mwambie daktari bila aibu. Na kama umekitumia kwa muda mrefu, usikiache ghafla peke yako: tezi zilizo juu ya figo zinakuwa zimelala, na mtu anaweza kuishiwa nguvu hadi kuzimia.

Sasa kwenye kiini. Hedhi inayopita siku 35, ndevu kidevuni, chunusi za taya, uzito uliopanda, shingo nyeusi, mama mwenye kisukari. Ukiviweka pamoja, cha kwanza kinachomjia daktari yeyote wa wanawake ni hali iitwayo PCOS, yaani ovari zenye vijifuko vingi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa inawapata wanawake zaidi ya 8 kati ya kila 100 walio kwenye umri wa kuzaa, na wengi wao hawajui kuwa wanayo. Sikupi hukumu kwa barua. Nakueleza kwa nini naitilia shaka.

Unapokula wanga, sukari hupanda kwenye damu, na kongosho hutoa insulini ili misuli na ini viipokee. Kwa baadhi ya watu, hasa wa familia zenye kisukari, misuli haiitikii insulini ipasavyo, hivyo kongosho hutoa zaidi na zaidi. Kwa miaka kadhaa hiyo inatosha: ukipima sukari unaambiwa uko sawa, kumbe insulini iko juu kutwa. Ovari hazijawa sugu kama misuli. Zenyewe zinaendelea kuisikia insulini, na ikizidi zinatengeneza testosteroni kupita kawaida yake. Wakati huohuo ini hupunguza kutengeneza protini ambayo kazi yake ni kuishika testosteroni isifanye kazi. Hapo unakuwa na testosteroni nyingi zaidi, na sehemu kubwa yake iko huru. Ndiyo inayoota kidevuni na kutoka kama chunusi.

Ndani ya ovari, mayai madogo huanza kukua, lakini hakuna linalofika kupevuka, yanasimama njiani. Yai lisipotoka, projesteroni, yaani homoni inayoutunza ukuta wa mfuko wa uzazi, haitengenezwi, na hedhi ya kawaida huja pale projesteroni inaposhuka. Kwa hiyo ukuta wa mfuko wa uzazi unaendelea kunenepa wiki baada ya wiki, hadi siku unapobomoka wenyewe bila ratiba. Hapa pana jambo ambalo wauzaji wa dawa hawalisemi: hedhi ikikosekana zaidi ya miezi mitatu mara kwa mara, ukuta ule usiposafishwa unaweza baada ya miaka kugeuka na kuwa chanzo cha saratani ya mfuko wa uzazi. Hatari hiyo inazuilika kirahisi kwa vidonge vya projesteroni vinavyoleta hedhi. Lakini lazima mtu awe anahesabu siku zako, na uzuri ni kwamba wewe umeanza.

Shingo yako si chafu. Insulini ikizidi huchochea seli za ngozi kuongezeka, hasa shingoni, kwapani na mapajani. Dodoki linakuchubua bure. Tena nakuomba usipake kitu cha kung'arisha hapo.

PCOS hutambuliwa kwa kigezo kilichokubaliwa Rotterdam mwaka 2003 na ambacho bado kinatumika, mwongozo wa kimataifa wa 2023 ukiwa umekiboresha: uwe na mawili kati ya matatu. La kwanza, hedhi isiyo na mpangilio. La pili, dalili za homoni za kiume kuzidi, iwe kwa kuonekana au kwa damu. La tatu, ovari zenye vijifuko vingi kwenye ultrasaundi. Wewe kwa maelezo yako una mawili ya kwanza tayari. Hata hivyo ultrasaundi nitaitaka kwa sababu unatafuta mtoto na kwa sababu ya ile miezi mitatu, ili ukuta wa mfuko wa uzazi uangaliwe. Ukiambiwa una vijifuko kwenye ovari usiogope wala usikubali kuuziwa dawa ya "kuyeyusha uvimbe". Vile ni vyumba vya mayai yaliyosimama njiani. Havipasuliwi, haviyeyushwi.

Turudi maabara. Ukiingia ukasema "nipimeni homoni zote", watakupima, na utatoka na wasiwasi mpya. Viwango vya kawaida vilivyoandikwa pembeni ya majibu vimepangwa ili watu 95 kati ya 100 walio wazima waingie ndani yake. Watano wazima wanabaki nje. Ukipima vitu ishirini visivyotegemeana kwa mtu asiye na ugonjwa wowote, uwezekano wa angalau kimoja kuonekana kibaya ni kama asilimia 64. Kuna biashara nzima inayoishi kwenye hiyo asilimia 64.

Halafu kuna saa na tarehe. Kotisoli, homoni ya msongo, huwa juu asubuhi na chini usiku wa manane. Estrojeni, ambayo ni homoni ya kike, pamoja na FSH na LH zinazoziamuru ovari, hupanda na kushuka ndani ya mzunguko mmoja. Kupima homoni bila kujua mtu yuko siku ya ngapi ni kama kuchungulia Kariakoo saa nane za usiku kisha ukaandika kwamba soko lile halina watu. Mfano mzuri ni projesteroni ya "siku ya 21". Ile siku ya 21 ni ya mwenye mzunguko wa siku 28. Maana yake halisi ni wiki moja kabla ya hedhi inayofuata. Kwa mtu wa siku 45 au 60 kama wewe, ukipima siku ya 21 itakuwa chini, na utaambiwa una upungufu wa projesteroni, wakati ulichopungukiwa ni kalenda sahihi.

Kabla ya sindano yoyote kukugusa, acha vile vidonge vya nywele. Vingi vina biotini ya mikrogramu 5,000 au 10,000, wakati mwili unahitaji kama 30 kwa siku. Biotini haina sumu, ila inaingilia kemia ya mashine nyingi za maabara, ikaonyesha TSH (homoni inayoiamuru tezi ya shingo) iko chini na homoni za tezi hiyo ziko juu kwa mtu ambaye tezi yake ni nzima. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo juu ya hili mwaka 2017. Siku mbili au tatu bila vidonge zinatosha kwa wengi. Mwambie mtu wa maabara uliviacha lini.

Hivi ndivyo ningekupima mimi. Kwanza mimba, kwa mkojo. Usicheke, anayepata hedhi kila baada ya siku 60 anaweza kubeba mimba ya wiki saba huku akidhani ni kawaida yake, na dawa nyingi ambazo ningekupa zinategemea jibu hilo. Kisha presha, uzito, urefu, na mzunguko wa kiuno kwa futi ya fundi cherehani. Kwa mwanamke, kiuno kinachozidi sentimita 80 kinaanza kuashiria insulini kugoma. Hicho ni kipimo cha bure na kwa maoni yangu kinasema mengi kuliko kurasa zako zote.

Kwenye damu naanza na TSH na prolaktini, homoni ya kutoa maziwa, kwa sababu tezi ya shingo ikilegea, au tezi iliyo chini ya ubongo ikitoa prolaktini nyingi, hedhi hupotea vilevile na tiba yake ni tofauti kabisa. Prolaktini hupanda kidogo kwa hofu ya sindano tu, na hupanda zaidi kwa dawa kama metoclopramide ya kuzuia kutapika, kwa hiyo ikizidi kidogo inarudiwa kabla ya mtu kutishwa. Nitaongeza testosteroni, asubuhi. Kwenye PCOS huwa imezidi kiasi au hata iko kawaida; ikiwa juu mno natafuta kitu kingine kwenye ovari au juu ya figo. Maabara kubwa zina kipimo kingine kiitwacho 17-hydroxyprogesterone, cha kuondoa ugonjwa wa kurithi wa tezi za juu ya figo. Kikipatikana, vizuri.

Cha sukari nakisisitiza. Sitosheki na sukari ya kutoboa kidole mchana. Ninachotaka ni kile cha kunywa gramu 75 za glukosi asubuhi ukiwa hujala, damu ikichukuliwa kabla na saa mbili baadaye. Kabla ya kunywa, 7.0 (milimoli kwa lita) na kuendelea ni kisukari. Baada ya saa mbili, 11.1 na kuendelea ni kisukari, na kati ya 7.8 na 11.0 uko njiani kuelekea huko. Kipimo cha HbA1c kinachosoma sukari ya miezi mitatu kinasaidia, lakini kinaweza kudanganya kwa mwenye upungufu wa damu au mwenye selimundu, hata yule aliyerithi kwa mzazi mmoja tu, kutegemea mashine. Insulini yenyewe usilipie; kipimo chake hakiaminiki kwa kazi hii, na shingo yako imeshaeleza.

Uchovu wako huenda una chanzo chake chenyewe. Pima wingi wa damu, na ferritini inayoonyesha akiba ya madini ya chuma. Hemoglobini chini ya 12 (gramu kwa desilita) kwa mwanamke asiye mjamzito ni upungufu. Na je, unatamani udongo au barafu? Wanawake wengi huona haya kusema kuwa wanakula udongo wa sokoni, ila hamu hiyo mara nyingi ni dalili ya chuma kupungua, na udongo wenyewe huzidi kukizuia kuingia mwilini. Swali lingine la daktari litakuwa kuhusu uzazi wako wa kwanza. Kama ulitokwa damu nyingi sana ukijifungua, na maziwa hayakutoka, sema. Inaweza kuwa tezi ya chini ya ubongo iliumia siku ile. Kwako sidhani, maana hedhi yako ilirudi na ndevu zimeongezeka.

Kwa kuwa utakuwa umeshaingia hospitali, na unataka mtoto, wakupime VVU, homa ya ini B na kaswende, na umri wako umeshafika wa kuchunguzwa shingo ya kizazi. Katika kukinga magonjwa, hivi pamoja na presha na sukari vinaokoa watu wengi kuliko orodha ndefu ya homoni. Sijui kwa nini havina matangazo barabarani.

Chakula. Hakuna mlo mmoja uliothibitika kuushinda mwingine kwa PCOS, na sikwambii uache ugali. Ninachotaka ni insulini ishuke, na inashuka kwa mambo ya kawaida kabisa. Cha kwanza ni sukari ya kunywa: chupa ya soda ya mililita 350 ina zaidi ya gramu 30 za sukari, karibu vijiko nane vya chai, na Shirika la Afya Duniani lingependa siku yako nzima isizidi kama gramu 25. Juisi ya miwa, juisi ya boksi na chai ya vijiko vinne ziko kundi hilohilo. Asali pia, hata ikiwa ya Tabora. Watu wengi wanaoniambia "sikubadili chakula" walibadili kinywaji, au walihamia kazi ya kukaa, au wote wawili.

Kisha sahani. Ugali wa dona badala ya sembe, na uwe robo ya sahani badala ya kuwa mlima wenye mboga pembeni. Nusu iwe mboga za majani. Ninyi wa Morogoro mna mboga zinazoshuka kutoka Mgeta, hamna kisingizio. Robo inayobaki iwe maharage, kunde, choroko, dagaa, samaki, mayai au huyo kuku wako. Chapati mbili na chai ya sukari asubuhi ni wanga juu ya wanga. Yai na kiazi kitamu cha kuchemsha vitakushibisha hadi mchana. Uji wa lishe wa nafaka kumi na mbili una sifa kubwa mitaani, lakini kwa mwili wako nafaka kumi na mbili bado ni nafaka, tena zilizosagwa laini. Kikombe kimoja bila sukari, sawa. Jagi hapana.

Kwa ajili ya chuma, dagaa, maini mara mojamoja, kunde na mchicha, pamoja na chungwa au juisi ya ubuyu isiyo na sukari ili kisharabiwe vizuri, na chai isogezwe saa moja mbali na chakula maana inakizuia. Maini yenyewe ukishika mimba uyapunguze, yana vitamini A nyingi. Uwatu na mdalasini vina tafiti ndogondogo zenye matumaini. Tumia jikoni, ila usivihesabu kuwa dawa. Mlonge ni mboga nzuri, basi.

Sasa ukweli kuhusu uzito, kwa upole. Mwenye PCOS hunenepa kirahisi na kupungua kwa shida, si uvivu. Lakini habari njema ni kwamba hutakiwi kurudi kilo 64. Kupungua asilimia 5 hadi 10, kwako kilo nne hadi nane, kunatosha kurudisha upevushaji wa yai kwa baadhi ya wanawake, hata kama mwili kwa macho bado ni mnene. Tembea kwa kasi ya kukutoa jasho, jumla dakika 150 kwa wiki au zaidi, na mara mbili kwa wiki fanya kazi ya misuli, hata kuinua madumu ya maji. Misuli inayofanya kazi huchukua sukari bila kusumbua insulini sana. Na kama mumeo anasema unakoroma na kukata pumzi usiku, mwambie daktari. Usingizi wa namna hiyo ni kawaida kwenye PCOS na unaweza kuwa ndio unaokuchosha.

Kwenye dawa, nitakuwa wazi: PCOS haiondoki moja kwa moja, na anayekuahidi kuimaliza kwa siku 90 anakudanganya. Inatunzwa. Kwa anayetafuta mimba, dawa ya kwanza ni letrozole, inayosaidia yai kupevuka, chini ya daktari anayefuatilia kwa ultrasaundi. Metformin inapunguza insulini na inafaa sana kama sukari imeanza kupanda. Mwanzoni huvuruga tumbo, kwa hiyo inaanzwa kidogokidogo baada ya chakula. Vidonge vya majira hupanga hedhi na kupunguza ndevu vizuri, lakini vinazuia mimba, basi si vya sasa. Dawa za kupunguza ndevu kama spironolactone haziendani na kutafuta mtoto. Anza asidi ya foliki, mikrogramu 400 kila siku, tangu sasa, maana uti wa mgongo wa mtoto unajifunga kabla mama wengi hawajajua kuwa ni wajawazito. Wengi wenye hali hii huzaa, wengine bila dawa yoyote. Vidonge vya kuweka ukeni "kusafisha kizazi" nakukataza kabisa. Vinaunguza, vinaleta maambukizi, na mirija ikiziba ndipo utakuwa na tatizo ambalo letrozole haiwezi kulitatua.

Usisubiri miadi kama hedhi imechelewa na una maumivu makali upande mmoja wa tumbo, au unazimia. Hiyo inaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi, nenda hospitali saa hiyohiyo. Vivyo hivyo ukitokwa damu hadi pedi inajaa kila saa. Nenda ndani ya siku chache kama ndevu zinaongezeka kwa kasi na sauti inakuwa nzito, kama maziwa yanatoka wakati hunyonyeshi huku kichwa kinauma na macho hayaoni pembeni, au kama una kiu isiyoisha na unakojoa kila mara.

Vinginevyo, anza na kituo cha afya kilicho karibu: mimba, presha, sukari ya asubuhi na wingi wa damu wanavyo. Kwa TSH, prolaktini, testosteroni na ultrasaundi omba rufaa kwenda hospitali ya mkoa umwone daktari wa wanawake, na usilipie homoni yoyote kabla hajakuandikia. Beba tarehe za hedhi zako za mwaka mzima, na hivyo vidonge vya nywele na dozi yenyewe, pamoja na makopo yake.

Na mumeo aende pia. Mwaka na nusu wa kutafuta ni mrefu vya kutosha kuwapima wote wawili, na kuwa na mtoto wa miaka sita hakuthibitishi kuwa mbegu zake za leo ziko sawa. Kipimo chake ni rahisi kuliko chako chochote: apumzike tendo la ndoa siku mbili hadi saba, kisha apeleke mbegu maabara.